Pua Yangu Ina Ugonjwa wa Utumbo

Jamani, kuna magonjwa yana heshima zake. Mtu akisema ana malaria, watu wanamsogezea kiti na kumuuliza kama ameshameza dawa ya mseto. Presha ina heshima. Ukiwa na presha hata mwenye nyumba anakudai kodi kwa sauti ya chini. Kisukari ndiyo usiseme, kina hadi chai yake ya pembeni kwenye misiba. Mimi Mungu kanipa ugonjwa ambao nikiutaja watu wananiuliza kama unaambukiza, na nikianza kuueleza wanasimamisha kijiko njiani.

Unaitwa ugonjwa wa Crohn. Ni wa utumbo. Utumbo unavimba bila kuchokozwa na mtu, unatoka vidonda, unauma, na mengine yanayoendelea huko sitayasimulia kwa sababu najua gazeti hili hufungiwa maandazi. Tumbo lenyewe tumeshazoeana. Navijua vyoo vyote kati ya Tandika na Posta: kipi kina maji, kipi kina mlango, na kipi mlinzi wake anatafuta chenji taratibu huku wewe umekunja miguu. Hayo silalamiki leo. Leo nalalamikia pua.

Maana ugonjwa umepanda. Umetoka kitovuni, umevuka kifua, umepita kooni bila kusalimia, umeingia puani na kuweka makazi. Naamka asubuhi pua imejaa magamba makavu; nikiyagusa, damu. Upande wa kushoto umeziba, wa kulia unavuja, zamu wanapeana wenyewe. Nikiinama kufunga kamba za viatu uso mzima unakuwa mzito na meno ya juu yanauma kana kwamba yote yametoboka usiku uleule. Harufu sisikii. Mke wangu anapika wali wa nazi, majirani wanaumeza kwa pua kutoka upande wa pili wa ukuta, mimi mwenye wali nakula kwa kuamini tu. Faida niliyopata ni moja, nayo naipata kwenye vile vyoo.

Kwa wasiojua, ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa, jozi nne: vya mashavuni, vya juu ya nyusi, vya katikati ya macho, na vingine vimejificha nyuma kabisa. Vyote vina vijilango vidogo vinavyofungukia puani. Njia ikivimba, vijilango vinafunga, kamasi inakaa humo hadi inaoza. Mtaani tunaiita sainasi, na kila anayeumwa kichwa jijini hujitangazia anayo, kwa sababu ya kiyoyozi cha ofisini ambacho nusu yao hawana.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mtu mpole, ana taa kichwani. Akachungulia, akaguna ule mguno mrefu wa mtu anayejua bei.

"Una mzio wa vumbi?"

"Sina. Ila nina ugonjwa wa Crohn."

"Unafuga paka?"

"Sifugi, daktari. Nina ugonjwa wa utumbo."

"Utumbo ni jengo B, mzee wangu."

Nikaenda jengo B. Kule nako akaniuliza daktari wa tumbo nakwenda haja mara ngapi, rangi gani, uzito gani, nikajibu yote kwa adabu kama nilivyolelewa. Nilipogusia pua akanitazama kwa huruma, akanionyesha dirishani: jengo A, lile kule, nyuma ya mwembe. Nikawa mtu wa kukatiza chini ya mwembe ule kwenda na kurudi hadi muuza karanga akaanza kunikopesha. Nilikuwa na mafaili mawili, moja la kila jengo, yenye jina moja na ubini mmoja, na hayajawahi kuonana.

Aliyeyakutanisha ni binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo, macho mekundu ya zamu ya usiku, ambaye wakubwa walikuwa hawajamzoesha kutazama mtu vipandevipande. Aliyaomba yote mawili, akayasoma kuanzia mwanzo, tena kwa mpangilio, jambo ambalo nadhani halikuwahi kutokea kwenye hospitali ile. Kisha akasema, "Baba, inawezekana hii pua na hili tumbo ni kesi moja."

Nilitaka kumbusu mkono.

Akanieleza. Crohn hugusa popote kwenye njia ya chakula, tangu mdomoni hadi kule mlangoni pa kutokea, na huruka: hapa kidonda, pale pazima, mbele kidonda tena. Lakini pia hutoka nje ya njia. Kwa wengine hushika magoti na vifundo, kwa wengine macho yanakuwa mekundu na kuuma, kwa wengine ngozi za miguuni zinatoka mavimbe mekundu, kwa wengine mdomo unajaa vidonda. Kolitisi ya vidonda, ambayo ni ndugu yake wa tumbo moja, nayo ina tabia hizohizo. Puani ni mara chache, lakini imo vitabuni: magamba, damu, kuziba, vyumba vya hewa kujaa kila leo, na wachache kabisa hutoboka ule ukuta wa katikati ya pua. Mara chache! Mimi ambaye tangu nizaliwe sijashinda hata bahati nasibu ya sabuni.

Sababu yake ndiyo inayouma. Kinga ya mwili ni sungusungu. Unawachangia kila mwezi walinde mtaa, unawapa filimbi na tochi. Kwangu mimi wameamua kuwa wezi hawaleti raha, wakaanza kuwapiga wapangaji. Walianzia bondeni, huko utumboni, wakakuta watu wanyonge wakawacharaza kweli. Sasa wamenogewa na wanapandisha mtaa wa juu. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa na chawa akilini. Cha kwangu ki ndani zaidi na kina filimbi.

Kabla ya kukubali kwamba ni wao, ilibidi wengine waondolewe lawama. Kwanza kifua kikuu, maana hapa kwetu kifua kikuu hakitazami jina lake, hushuka hadi utumboni, na utumbo wenye kifua kikuu na utumbo wa Crohn hufanana hadi wataalamu wenye darubini wanakuna kichwa. Nilishachunguzwa hivyo zamani kwa ajili ya tumbo, nikachunguzwa upya kwa heshima ya pua. Kuna na ugonjwa wa mishipa ya damu unaopenda pua, mapafu na figo, huo nao ulitafutwa kwenye damu na mkojo. Halafu daktari mwenye taa kichwani akafunga mlango, akashusha sauti, akaniuliza kama navuta kokeini, kwa kuwa nayo hutoboa ukuta wa pua.

"Kwa mshahara upi?" nikamuuliza. Aliandika kitu kwenye faili. Sijui aliandika nini, lakini tangu siku hiyo manesi wa jengo A wananisalimia kwa tahadhari.

Wakanikata kinyama cha puani kikapelekwe maabara. Huko walichokuwa wakitafuta ni vinundu vidogo vya uvimbe viitwavyo granuloma, vilevile ambavyo hupatikana utumboni. Kukatwa kwenyewe si kitu, wanakutia ganzi. Kinachokatisha tamaa ni kurudi nyumbani na pamba puani ukamkuta mjomba kaja kukujulia hali ya tumbo.

"Tumbo gani hilo linatibiwa puani?" akasema mjomba. "Hao wamekuibia."

Mjomba ana daktari wake kichwani, na daktari huyo ana ugonjwa mmoja tu: vidonda vya tumbo. Kila kinachouma kati ya kidevu na magoti ni vidonda vya tumbo, na dawa yake ni maji ya kabichi na asali mbichi. Nilipomwambia kwamba vidonda anavyovijua yeye ni vya kifuko cha tumbo na vya kwangu viko mbali zaidi, akanijibu kwamba tumbo ni tumbo. Kumbe hata mjomba anakubali kuwa mwili ni mmoja. Anakosea mlango tu.

Nikaona angalau nimjue huyo Crohn aliyenipa jina bila kunipa pesa. Burrill Crohn alikuwa daktari wa hospitali ya Mount Sinai, New York. Mwaka 1932 yeye na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer waliandika kuhusu uvimbe wa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Majina yakapangwa kwa alfabeti, C ikatangulia, na dunia nzima ikabeba la kwanza. Ndiyo kusema kama Crohn angeitwa Zimmerman, leo ningekuwa na ugonjwa wa Ginzburg. Na kabla yao, mwaka 1913, daktari mpasuaji wa Glasgow aitwaye Dalziel alikwishaandika habari za matumbo ya namna hiyohiyo, akapata nini? Hakupata hata kipimo cha kuitiwa jina lake. Wapoland peke yao hutanguliza jina la mtu wao, Leśniowski, na ninawapongeza. Mtu usikubali kudhulumiwa ugonjwa.

Anayenipendeza zaidi ni mwanamama wa Sweden, Nanna Svartz. Miaka ya 1940 ilipoanza alitafuta dawa ya baridi yabisi, akaunganisha dawa ya salfa na dawa ya kutuliza uvimbe, akatoa sulfasalazini. Aliikusudia viungo. Ilipotumika, wenye kolitisi wakaanza kupata nafuu matumboni. Hadi leo inatumika huku na huku. Yaani zaidi ya miaka themanini iliyopita kidonge kilishajua kwamba goti na utumbo vinafahamiana, na mimi bado naambiwa nipite nyuma ya mwembe.

Sasa njoo kwenye dawa uone nilivyokabwa. Kuwatuliza sungusungu unawapa dawa ya usingizi: vidonge vya kushusha kinga. Wanalala vizuri, utumbo unapumua. Lakini sungusungu wakilala, wezi wa kweli nao wana masikio. Wanaingilia wapi? Puani, palipo wazi usiku na mchana. Kila mafua yanayopita Tandika yanajiandikisha kwangu, na mafua ambayo kwa jirani ni ya siku mbili tatu, kwangu yanahamia kwenye vile vyumba vya mashavuni na kuanza kulipa kodi. Kuna dawa kubwa zaidi, infliksimabu, ya kuchomwa kwa dripu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya huyu huyu Crohn. Nayo kwenye orodha ya madhara yake wameandika maambukizi ya njia ya juu ya hewa na sainasi, na kabla hujachomwa lazima upimwe kifua kikuu, kwa sababu kilicholala kinaweza kuamshwa. Nilipoonyeshwa bei yake nilipata nafuu papo hapo.

Kwa hiyo dawa ya tumbo inaweza kuichongea pua. Na dawa ya pua je? Uso ukiuma, muuzaji wa duka la dawa anakunja diklofenaki kwenye kijikaratasi kabla hujamaliza kusema "shikamoo". Diklofenaki na ibuprofeni ndizo daktari wa jengo B alizonikataza kwa kidole, maana zinaweza kuuchokoza utumbo uliotulia. Vyumba vya usoni vikioza unaandikiwa antibayotiki. Antibayotiki zinaua na bakteria wema wa tumboni, na kuna bakteria mmoja mwovu anayesubiri hasa nafasi hiyo ili akuharishe vibaya. Kuharisha kukija, jengo B wanasema Crohn imewaka. Jengo A wanasema wao kazi yao imekwisha, pua i safi. Yale matone ya kufungua pua nayo ukiyazidisha zaidi ya siku chache pua inavimba kwa kuyadai. Nabakia na parasetamo na subira, na subira haiuzwi duka la dawa.

Nisisahau ile ya daladala. Nilikuwa nimesimama katikati, mkono juu, joto la saa nane, mhina ukanishika. Damu tone, damu mchirizi, shati jeupe la kazini likawa ushahidi. Gari zima likageuka chuo cha udaktari. "Inamisha kichwa nyuma!" "Mwagieni maji utosini!" "Ana damu nyingi huyo, akatolewe!" Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alinishika paji la uso akanielekeza dari kwa nguvu za imani. Konda, Mungu ambariki, alichotaka kujua ni kama nimeshalipa.

Kichwa hakiendi nyuma, jamani. Unainama mbele, unabana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, unapumua kwa mdomo, unakaa hivyo dakika kumi hadi kumi na tano bila kuchungulia kila mara kama imekatika. Lakini huwezi kumfundisha mtu aliyekwishakushika paji la uso. Nilielekea dari hadi Kariakoo, na damu yote niliimeza.

Na damu uliyoimeza haipotei. Kesho yake choo kilikuwa cheusi ti. Na bahati ilivyo, siku hiyo nilikuwa na miadi jengo B, na swali la kwanza kule ni rangi. Nikasema nyeusi. Daktari akaacha kalamu. Choo cheusi maana yake huko juu panavuja damu, akaanza kuzungumzia kuniingiza kamera. Nikamwambia ni pua. Akasema pua ni jengo A. Nikamwambia damu ya puani niliimeza kwenye daladala kwa usimamizi wa mama wa dagaa. Akapekua faili akakuta kumbe pia ananipa vidonge vya madini ya chuma kwa ajili ya upungufu wa damu, navyo hufanya choo kuwa cheusi. Tukabaki tunatazamana: watuhumiwa watatu, rangi moja. Siku hiyo ndipo aliponyanyua simu mwenyewe akapiga jengo A. Nilisikia simu ikiita upande wa pili wa mwembe.

Nyumbani nako kuna jengo C, la mama mkwe. Yeye ni mtu wa kujifukiza. Majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi, sufuria inatokota, unafunikwa blanketi zito na kuagizwa uvute. Mama mkwe humwambii hapana, unaingia. Mvuke unafungua pua kwa muda, sikatai, lakini ngozi ya ndani ya pua yangu imekonda na kujaa magamba, na unapotoka kule chini umeiva kama kiazi, damu inaanza, naye anashangilia kwamba uchafu unatoka. "Baba Shani, unaona?" Naona, mama. Shikamoo na asante.

Jengo A waliniandikia kitu cha kistaarabu zaidi: kuosha pua kwa maji ya chumvi, na dawa ya kupuliza ya kupunguza uvimbe. Maji yawe yamechemshwa na kuachwa yapoe, wala usithubutu ya bombani moja kwa moja, kwa kuwa kuna amiba wa kwenye maji anayeweza kupanda puani hadi kwenye ubongo, ni nadra lakini akipanda ndiyo basi. Nilicheka peke yangu. Miaka ile ya mwanzo, kabla Crohn hajajulikana, kila zahanati niliyoingia ilinitibu amiba wa tumbo, ambaye sikuwa naye. Sasa nina tumbo lisilo na amiba na pua inayomwogopa ndugu yake. Watoto wangu wanaona ni sinema: baba anainamia beseni, maji yanaingia tundu hili yanatokea lile. Wanaleta wenzao. Kiingilio sijui wanalipana nini.

Yalipokuja majibu ya kinyama, majengo mawili yalikaa pamoja na kukubaliana waongeze nguvu kwenye utumbo, na pua itafuata. Nikapewa predinisoloni. Ni kweli, pua imefuata. Magamba yamepungua na juzi nilisikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa nikasimama jikoni nikiwa mjinga kabisa. Lakini predinisoloni inajaza mashavu, na mtaani mashavu ni habari njema. "Naona mambo safi!" "Umependeza, shemeji, umenawiri!" Watu waliokuwa wakinikwepa sasa wananikopa. Nikiwaambia ni dawa, wananiuliza inauzwa wapi.

Kilichobaki ni ofisini. Kuna fomu ya ruhusa ya ugonjwa, ina kiboksi kimoja kimeandikwa "Sehemu inayougua". Niliandika "Utumbo (pua)". Afisa utumishi akairudisha na kalamu nyekundu: chagua moja. Nikaandika "Pua (utumbo)". Akairudisha. Nikaandika "Mwili". Akairudisha: fafanua. Nikamwandikia maelezo nyuma ya karatasi, nikaanzia New York mwaka 1932, nikapita Glasgow na Sweden, nikamchorea na sungusungu. Akaniita ofisini kwake, akanifungia mlango kama yule daktari, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Nikachukua fomu mpya, nikaandika "Mafua". Ilisainiwa kabla sijafunika kalamu, na akanishauri nijifukize.